Kupima presha ya tabo kwenye milima ya Mbeya: niliyojifunza kwa Land Cruiser ya 1992

Huku kwetu Mbeya, gari la dizeli lenye tabo (turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda) likianza kupoteza nguvu mlimani, hukumu yake hutoka kabla boneti haijafunguliwa: tabo imekufa. Baada ya hapo njia huwa mbili. Mwenye pesa anatafutiwa tabo ya mtumba, asiye nayo anaongezewa mafuta kwenye pampu ili gari "lichanganye". Nimekaa na Land Cruiser 80 ya mwaka 1992 miaka kadhaa sasa, nikisomba ndizi na parachichi kutoka Rungwe kuja mjini, na katika magari yote niliyoyaona yakipewa hukumu hiyo, langu likiwemo, mengi tabo yake ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kupima.

Gari lenyewe lina injini ya 1HD-T: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, tabo ya CT26 kutoka kiwandani, na pampu ya mafuta isiyo na kompyuta yoyote. Toyota waliianza mwaka 1990 pamoja na hizi 80, na mwaka 1995 nafasi yake ikachukuliwa na 1HD-FT yenye vali 24. Wengi huichanganya na 1HZ kwa sababu ujazo ni uleule, lakini 1HZ haikutoka na tabo. Nalitaja hili kwa kuwa nimewahi kumwona mtu akiuziwa vifaa vya moja kwa ajili ya nyingine, akapoteza wiki nzima ya kazi.

Nililinunua likiwa na moshi mweusi. Aliyeniuzia alisema dizeli lazima itoe moshi, na watu waliokuwa pale wakaitikia. Kwenye tambarare ya Uyole hukuona shida sana. Lakini ukitoka Kiwira na mzigo kupanda kwenda Isyonje, gari lilikuwa linanyong'onyea gia ya tatu, unashuka ya pili, na nyuma yako barabara inafunikwa na wingu jeusi kiasi kwamba Coaster zilizokufuata zinawasha taa. Moshi mweusi si tabia ya dizeli. Ni mafuta yaliyoingia kwenye silinda yakakosa hewa ya kuyaunguza. Moshi wa bluu ungenipeleka kwenye oili, na mweupe ungenipeleka kwenye mafuta yasiyowaka au maji. Mweusi ulikuwa unasema jambo moja tu: hewa na mafuta havilingani. Ama mafuta yamezidi, ama hewa imepungua. Kwa upande wangu yalikuwa yote mawili, na la kwanza lilikuwa limeletwa kuficha la pili.

Fundi niliyempelekea ni mzee wa gereji moja ya Mwanjelwa ambaye kazi yake yote imekuwa dizeli. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza kwamba gari halivuti. Akanyanyua mkono. "Subiri kwanza, mwanangu. Halivuti kiasi gani?" Sikuwa na jibu, na yeye hakulitegemea. Akachukua tochi, akainama upande wa pampu, akaniita nije nione. Nyuma ya pampu kuna parafujo inayoamua kiasi cha mwisho cha mafuta injini ikibanwa. Kiwandani huizungushia kishupi, yaani pete ya chuma, ili isiguswe ovyo. Kwenye pampu yangu kishupi kile kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, kingo zake bado zina makovu, na nati ya kukazia ilikuwa imeliwa kwenye pembe kwa spana isiyo saizi yake. Rangi ya pampu ilikuwa imechakaa kote isipokuwa kwenye uzi wa parafujo, ambao uling'aa mahali ulipoingizwa ndani. "Hapa kuna mtu alikuta gari halina hewa," akasema, "akaliongezea mafuta."

Ile sentensi ndiyo imenifundisha kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Gari lenye presha ndogo ya tabo ukiliongezea mafuta, litaonyesha nafuu ya siku chache, maana kweli nguvu inaongezeka kidogo. Lakini joto la moshi linapanda sana, na joto hilo linakaa juu ya pistoni, kwenye vali na ndani ya nyumba ya tabo. Mteja analipa, anaondoka amefurahi, na injini inaanza kufa taratibu.

Kazi ya kwanza ikawa kufunga geji. Kwenye 1HD-T kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa (bomba linaloigawa hewa kwenye silinda) kwenda kwenye kopo lililo juu ya pampu. Ndani ya kopo hilo mna kiwambo, utando unaosukumwa na presha. Presha ya tabo ikipanda inakisukuma kiwambo chini, na pampu inaongeza mafuta kulingana na hewa iliyokuja. Tuliukata mpira huo, tukaweka kiungo cha njia tatu, tukavuta mpira mwingine hadi ndani ya gari kwenye geji inayosoma presha kwa kipimo cha bar. Mpira usikatwe mrefu mpaka ukalalia manifoldi ya moshi, na kila kiungo kiwe na klipu yake. Uvujaji mdogo hapa unakuletea hasara mbili: geji inakudanganya, na pampu nayo inadanganyika.

Watu wengi husoma geji gari likiwa limesimama, wanakanyaga mafuta hadi injini inalia, wanaona sindano imejitikisa kidogo, wanasema tabo imekufa. Tabo ya dizeli haifanyi kazi bila mzigo. Inazungushwa na moshi wa moto, na moshi wa moto unapatikana injini ikibanwa. Kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa mlima uleule wa Kiwira kwenda Isyonje, gari likiwa na mzigo, gia ya tatu, mafuta hadi chini, tukisoma injini ikiwa kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika. Kwa injini za namna hii ambazo hazijachezewa, unategemea kitu kati ya 0.5 na 0.7 bar. Sindano yetu ilikwenda 0.3 ikagoma. Sasa "halivuti" ilikuwa imepata namba, na mimi na mzee tungeweza kuzungumza lugha moja.

Tulianza na vya bei rahisi. Chujio la hewa lilikuwa limeshiba vumbi. Anayekwenda mashambani Usangu wakati wa kiangazi analijua vumbi hilo, jepesi kama unga, linaingia hadi kwenye mfuko uliofungwa. Tukaweka jipya. Geji haikusogea kwa kiasi cha kuzungumzwa, lakini ilikuwa lazima, kwa sababu tabo inayovuta hewa kwa shida hupoteza nguvu upande mmoja na huweza kunyonya oili upande wa pili.

Halafu tukashika tabo yenyewe. Ukiondoa mpira wa kuingizia hewa unaona pangaboi la mbele. Lishike katikati kwa vidole ulichezeshe kushoto na kulia: mchezo mdogo sana upo na ni wa kawaida, kwa sababu shafti huelea juu ya oili injini ikiwaka. Lisukume na kulivuta kwa urefu wa shafti: hapo hustahili kusikia mchezo. Ukisikia, au ukiona ncha za mapanga zimekwaruza nyumba, tabo inahitaji kufanyiwa matengenezo. Yangu ilikuwa imara. Nakumbuka jinsi nilivyopumua, maana tayari nilikuwa nimetajiwa bei ya nyingine.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho ningetamani kila gereji ya mkoa huu ikifanye kabla ya kumuuzia mtu tabo. Mzee alichukua kofia ya bomba la maji la plastiki, ile inayotoshea mdomo wa kuingizia hewa wa tabo. Akaitoboa, akaweka vali ya tairi, akaikaza. Kofia ikafungwa mdomoni mwa tabo kwa mpira na klipu mbili. Ule mpira wa kupumulia injini, unaorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, tukauchomoa na kuziba tundu lake, ili upepo usiingie upande wa oili ukasukuma sili. Kisha tukajaza upepo taratibu kwa pampu ya tairi hadi kama 0.5 bar, si zaidi, na yeye akapita kila kiungo na brashi ya povu la sabuni.

Ukiweka upepo hivyo utasikia mlio hata injini ikiwa nzima, kwa sababu silinda mojawapo inaweza kuwa imesimama vali zake zikiwa wazi, upepo ukapitia humo na kutokea kwenye bomba la moshi. Zungusha injini kidogo kwa mkono, mlio ule utabadilika. Unachotafuta ni povu. Kwetu lilitokea chini ya mpira mkubwa unaounganisha bomba la hewa na manifoldi, upande ambao macho hayafiki mpaka uweke kioo. Klipu ilikuwa imekazwa kupita kiasi mpaka ikakata mpira, na ufa ule ulikuwa mdomo uliofumbwa. Bila presha unaupapasa na kidole husikii kitu. Presha ikiingia, unafunguka, na mapovu yanatoka makubwa, moja baada ya jingine, kila moja likipasuka kwa sauti unayoisikia. Hewa yote ile ilikuwa imeshavutwa, imeshapita kwenye chujio, imeshabanwa na tabo, halafu ikawa inamwagika barabarani kabla ya kufika kwenye silinda.

Mpira mpya na klipu pana zisizo na meno zilitupeleka hadi 0.45. Nguvu ilionekana waziwazi. Hapo ndipo watu wengi husimama, na ndipo mzee aliposema hatujamaliza, kwa sababu 0.45 bado si 0.6 na hatukuwa na maelezo ya kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa kwenye westigeti. Kwa asiyeifahamu: ndani ya nyumba ya moto ya tabo kuna kimlango kidogo. Kikifungwa, moshi wote unapita kwenye pangaboi na kuzungusha tabo. Kikifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni, na presha haipandi zaidi. Kimlango hicho husukumwa na fimbo inayotoka kwenye kopo lenye kiwambo na springi, na kopo hilo hupata presha kwa mpira mwembamba kutoka upande wa hewa wa tabo. Springi ndiyo inayoamua presha ya juu. Kiwambo kikipasuka, au mpira wake ukichomoka, kimlango hakifunguki tena, na presha inapanda bila kizuizi. Kimlango kikigoma kufunga sawasawa, moshi unavuja pembeni wakati wote, na presha haifiki inapotakiwa.

Tulichomoa mpira wa kopo tukalisukuma kwa pampu ya mkono yenye geji. Fimbo nzima hukaa bila kusogea hadi springi izidiwe, halafu hutoka laini, na ukiachia hurudi yote. Yetu ilitoka kwa kukwama na ilirudi nusu. Mzee akafungua bomba la moshi nyuma ya tabo tukachungulia. Kwenye kiti cha kimlango kulikuwa na masizi magumu yaliyojikusanya upande mmoja kwa umbo la mwezi mchanga, na kutu kwenye pini kinapozungukia. Kimlango kilikuwa wazi kwa unene wa kucha. Unene huo ulitosha. Tukasafisha kwa brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu, tukaisogeza fimbo mbele na nyuma kwa uvumilivu mpaka kikafunga chenyewe. Tulipokuwa humo tukaona pia alama nyeusi ya moshi karibu na stadi moja ya manifoldi, gasketi imeanza kupuliza. Moshi unaotoka kabla ya tabo nao ni presha inayopotea. Tukaibadilisha gasketi.

Tuliporudi mlimani na mzigo uleule, sindano ikapanda hadi 0.6 ikatulia pale. Hatukuwa tumekaza wala kulegeza chochote cha kurekebishia presha. Presha ya kiwandani ilikuwepo muda wote, imezibwa na mpira, masizi na gasketi.

Baada ya hapo ndipo tukaigusa pampu. Mzee alichora alama ya rangi nyeupe kwenye parafujo na kwenye mwili wa pampu, ili popote tutakapofika tuweze kurudi tulikotoka. Alilegeza kidogo sana, chini ya robo mzunguko kila mara, tukapanda mlima, tukaangalia moshi kwenye kioo, tukarudi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana haifanywi. Moshi ulipungua hadi ukawa kivuli tu wakati wa kubadili gia. Gari halikupoteza nguvu hata baada ya kunyang'anywa yale mafuta, kwa sababu sasa yaliyobaki yalikuwa yanaungua yote.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo lilinikosesha usingizi. Nikishuka Kyela, gari lilikuwa safi kabisa, halina moshi hata chembe. Nikipanda Isyonje, au nikichukua barabara ya Chunya inayopita juu ya milima kwa zaidi ya mita 2,400, moshi kidogo ulikuwa unarudi. Geji inasoma 0.6 kotekote. Kama presha ni ileile, kwa nini moshi si uleule?

Jibu liko kwenye namna geji inavyohesabu. Sifuri ya geji ya tabo si sifuri ya kweli. Ni hewa ya mahali ulipo. Pwani, hewa ya mazingira peke yake ina presha ya karibu bar 1. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni karibu 0.95. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, ni karibu 0.83, na Isyonje inashuka chini ya 0.8. Kwa hiyo 0.6 ya geji Dar es Salaam maana yake ni bar 1.6 ndani ya manifoldi. 0.6 ileile Mbeya mjini ni 1.43, na Isyonje ni chini ya 1.4. Sindano imesimama mahali palepale, lakini hewa iliyoingia kwenye silinda imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kopo la westigeti nalo halijui lipo Kyela au Isyonje. Upande wake mmoja una presha ya tabo na upande wa pili una hewa ya nje, kwa hiyo linapima tofauti tu, sawa na geji. Na kiwambo cha juu ya pampu ni vilevile: kinaona 0.6, kinatoa mafuta ya 0.6, kana kwamba tuko pwani. Kuna pampu zinazokuja na kifaa cha kupunguza mafuta kadiri unavyopanda juu, lakini yangu haina. Hivyo ukiwa Nyanda za Juu Kusini na pampu ya namna hii, mafuta yanayotoka ni ya pwani na hewa inayoingia ni ya mlimani. Nilipoyaelewa haya, nilielewa pia kwa nini magari mengi yanayoletwa kutoka Dar yakiwa safi huanza kutoa moshi yakishapita Kitonga, na wenyewe hudhani yameharibika njiani.

Inanifurahisha kwamba tabo yenyewe ilithibitishwa mlimani. Alfred Büchi wa Uswisi ndiye aliyepata hataza yake mwaka 1905, lakini mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, Marekani, kwenye mita kama 4,300, kuonyesha kwamba tabo inaweza kuirudishia injini hewa iliyopotezwa na mwinuko. Shida ya Isyonje ndiyo shida ile ile ya marubani wa zamani.

Nilimuuliza mzee kama tunaweza kuiongeza presha ili kufidia. Hakukataa, ila aliniwekea masharti. Sharti la kwanza lilikuwa chini ya injini: 1HD-T za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula beringi za konirodi (fimbo zinazoshika pistoni), kwa hiyo tuteremshe sampu, bakuli la oili la chini, tuzitazame kabla ya kuibebesha injini mzigo zaidi. Zilikuwa zimeanza kuonyesha rangi ya shaba. Tukaweka mpya. Sharti la pili lilikuwa geji ya pili, ya joto la moshi, na kipimio chake kiingie kwenye manifoldi kabla ya tabo. Baada ya tabo moshi umeshapoa kwa zaidi ya nyuzi mia ukiwa umebanwa, na namba utakayoiona itakupa moyo usiostahili kuwa nao. Tulitoboa manifoldi ikiwa imefunguliwa kabisa mezani, tukapangusa kila unga wa chuma. Chembe moja ikiingia kwenye mapanga yanayozunguka maelfu kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, hakuna tabo tena.

Kurudisha hewa yote ya pwani kungehitaji karibu 0.8 kwenye geji hapa mjini. Namba inavutia, lakini angalia kazi anayopewa mbebaji. Pwani tabo inachukua hewa ya bar 1 na kuifanya 1.6. Mbeya ingechukua ya 0.83 na kuifikisha 1.6, karibu mara mbili. Inabidi izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inayobanwa zaidi inatoka ya moto zaidi. Gari langu halina intakula ya kuipoza. Tukakubaliana 0.7.

Zipo tabo ambazo fimbo ya westigeti ina uzi na nati, unaifupisha kidogo na presha inapanda. Nyingine fimbo yake haina marekebisho. Sisi tuliweka vali ndogo ya sindano kwenye ule mpira wa kopo, inayomwaga hewa kidogo ili kopo lione presha pungufu na lichelewe kufungua. Tuliifunga mbali na joto, kila ncha na klipu, kwa sababu mpira ule ukichomoka presha haina tena wa kuizuia. Tulianza vali ikiwa imefungwa, tukaifungua kidogo kidogo, kila mara tukirudi kwenye mlima. 0.65 kwanza, siku kadhaa za kazi, kisha 0.7. Mafuta hatukuyagusa.

Na hapo nikaona kitu ambacho wanaoongeza presha na mafuta kwa pamoja hawakioni kamwe: presha ilipopanda peke yake, joto la moshi lilishuka. Hewa ya ziada ilikuwa inaunguza mafuta vizuri na kubeba joto. Kabla ya hapo mlima wa Isyonje ulikuwa unapeleka sindano ya joto karibu na nyuzi 700, na mafundi wengi wa dizeli hawapendi kuona injini ikikaa juu ya hapo kwa mlima mrefu. Sasa inatulia chini yake pakubwa. Kyela 0.7 ya geji ni bar 1.65 ndani ya manifoldi, tofauti ndogo sana na ile ya kiwandani pwani, kwa hiyo sina wasiwasi nikishuka.

Kitonga ndiko geji ya joto inakojilipa. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kupanda kuelekea Ilula, uko nyuma ya malori, kona kwa kona, huwezi kupita. Presha inabaki palepale lakini joto linajipandia taratibu. Madereva wengi hukanyaga zaidi. Mimi nashuka gia moja na kupunguza mguu. Injini inazunguka haraka, inavuta hewa nyingi kwa kila tone la mafuta, na sindano inarudi yenyewe ndani ya kona mbili. Nikifika juu na kutaka kusimama, siizimi injini papo hapo. Naiacha iungurume dakika mbili tatu, maana ukizima tabo ikiwa bado ya moto sana, oili inayokaa kwenye shafti inaungua na kugeuka kaa. Wafanyabiashara wanaosimama pale Isyonje kupakia viazi na kuzima mara moja baada ya kupanda mlima wanazifupishia maisha tabo zao, na nimekuwa nikiwaambia kila nikipata nafasi.

Juzi kijana mmoja wa Uyole alinifuata na Hilux Surf yenye 1KZ-TE. Akaniamkia, akasema, "Nimeambiwa nibadilishe tabo." Nilimwambia yake si kama yangu. Pampu ya 1KZ-TE inaongozwa na kompyuta, na kuna kihisi kinachopima presha ya manifoldi. Presha ikizidi inavyoruhusu, kompyuta inakata mafuta, kwa hiyo ufundi wa kuongeza presha bila kufikiri utamfanya apoteze nguvu badala ya kuipata. Tena silinda hedi ya injini ile inajulikana kwa kupasuka ikichemka, kwa hiyo rejeta na themostati vitangulie kabla ya mazungumzo yoyote ya tabo. Lakini kofia ya bomba la plastiki, vali ya tairi na povu la sabuni havichagui injini. Tulimfungia kofia pale pale uani. Povu lilitoka kwenye kiungo cha mpira wa hewa, na pia kwenye mpira mwembamba wa kihisi, ambao ulikuwa umeungwa kwa gundi ya karatasi. Vyote viwili alivipata sokoni Sido siku ileile, na tabo yake bado iko mahali pake.